Bibi wa Kisimani

Mama Makochi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, pini tano midomoni, akivuta kitambaa kama anayemfunga mkaidi mkanda, wakati binti yake alipoingia karakanani na boksi kwapani.

"Mama, acha hilo kochi kwanza. Nimeupata!"

"Mmh," alijibu. Mwenye pini midomoni hana maneno mengi.

Watu wa mtaa walimwita Mama Makochi kwa ajili ya kazi yake. Makochi yaliletwa kwake yakiwa yamebonyea na kutoboka, yakaondoka yamenyooka kama maofisa. Sponji aliweka mpya, kitambaa kipya, lakini mbao alizibakiza zilezile kama bado zina uzima. Mteja akisema azitupe tu, alimwuliza, "Zimekubeba miaka ishirini, leo nizitupe kwa kosa gani?"

Binti aliliweka boksi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nyumbani aliitwa Siafu, jina alilopewa na kaka yake kwa sababu utotoni, akishindwa mchezoni, alikuwa anang'ata. Sasa alikuwa mtu mzima, karani wa mapokezi kwenye hoteli, na hakuwa anang'ata tena, lakini jina liligoma kutoka.

"Ngome Saba," alisoma kwenye kifuniko, penye picha ya joka likitema moto. "Toleo jipya, Mama! Nilidhani hawautengenezi tena."

Boksi la zamani la mchezo huohuo lilikuwa juu ya kabati nyumbani, limefungwa kwa lastiki ya suruali. Kadi tisa zilikuwa zimepotea. Moja ilizama kwenye chai, moja mgeni aliikalia akaondoka nayo, na namba kumi na nne, iliyopendwa kuliko zote, ilishikwashikwa hadi ikawa laini kama kitambaa, mwisho ikakatika katikati. Na Jumapili ya wiki iliyofuata kaka yake Siafu, ambaye kwa sababu ya kushinda mno walimwita Jemadari, alikuwa anamleta mchumba wake nyumbani kwa mara ya kwanza.

"Ameniambia wifi hataki kuona picha za utotoni wala hataki kutembezwa mtaani," alisema Siafu. "Anataka kucheza Ngome Saba. Basi tunachukua ubao wetu na kadi zetu, mapengo tunayaziba kwa hizi mpya. Umeona?" Alizipanga mezani kadi chache za zamani alizokuja nazo na zile mpya, kisha akaguna. "Shida ni migongo. Zetu kahawia, hizi bluu. Jemadari akiona bluu juu ya rundo, atajua kinachokuja. Yule macho yake ni ya mwewe."

Mama Makochi alitoa pini midomoni moja moja. Alichukua kadi ya zamani na kadi mpya, akazipima kwa kidole. Ile mpya ilizidi kidogo kwa upana.

"Hilo dogo. Nitazishonea mifuko. Nyuma bitana nyeusi, mbele nailoni ile ninayofunikia makochi mapya. Zote zivae sare. Tuone atamjua vipi mgeni na mwenyeji."

"Mama, wewe ni hatari."

"Najua."

Siafu alicheka, akaendelea kuzitazama kadi mpya. Kisha kicheko kikaisha ghafla.

"Hee! Mama, wameuharibu."

"Wameharibu nini?"

"Sikia namba kumi na nne. 'Mchawi wa Kisima. Umekunywa sumu. Ngome yako inateketea. Toka mchezoni.' Toka mchezoni! Bibi wa Kisimani wamempeleka wapi?"

Katika mchezo wao, aliyempata Bibi wa Kisimani alirudi kumchotea maji mchezaji aliye nyuma kuliko wote, kisha wawili hao wakasogea pamoja hatua tatu. Ndivyo walivyocheza tangu Siafu ana miaka sita.

"Na ishirini na mbili, mlinzi wa daraja, si alikuwa anakuvusha ukimwimbia? Huku wamemfanya mwizi! Hawa watu wana akili kweli? Wamepewa mchezo mzuri, wakaujaza sumu na wizi." Siafu aligeuza boksi juu chini. "Anwani yao hii hapa. Nawaandikia barua. Mama, nitolee kile kitabu cha sheria cha zamani, ninukuu na namba za kurasa. Watanitambua!"

Mama Makochi aliziweka chini kadi alizozishika. Aliinama akaokota uzi usiokuwepo.

"Jumapili," alisema. "Jumapili nitakileta, mkiwa wote."

Siafu alipoondoka, alirudi kwenye kochi lake, akapigilia msumari mmoja mahali pasipohitaji msumari.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miaka ishirini na miwili iliyopita, mteja mmoja aliyehama alimwachia kochi bovu na kila kilichokuwamo. Ndani ya tumbo la kochi, chini ya springi zake, lilikuwamo boksi la Ngome Saba. Ulikuwa mwaka uleule alipofariki mumewe. Alilipeleka boksi nyumbani, na watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine sita, wakalirukia kama chakula. Kwenye ubao zilichorwa ngome saba, msitu, kinamasi na kisima. Kadi za wakati ule hazikuwa na maandishi, zilikuwa na picha na namba tu. Maana ya kila namba ilikuwa ndani ya kijitabu.

"Mama, tusomee," walisema.

Naye hakujua kusoma. Hakuna aliyempeleka shule. Alijua kupima kwa macho, kukata bila kupoteza kitambaa, na zaburi nyingi kwa moyo, lakini herufi zilikuwa kwake kama nyayo za kuku. Watoto hawakujua. Basi alikifungua kijitabu, akakohoa, akatazama picha, akasoma. Aliona kikongwe mwenye ndoo, akasema bibi anachota maji. Akaona mtu mwenye fimbo juu ya daraja, akasema huyu ni mlinzi. Jioni ile mezani alisoma kadi arobaini ambazo hazikuandikwa popote. Tangu hapo kijitabu kilikaa kwenye droo ya cherehani, pamoja na nyembe na sindano, droo ambayo mtoto hakuruhusiwa hata kuiegemea. Palipotokea ubishi, yeye ndiye aliyekwenda kufungua, akatazama, akarudi na hukumu. Mwenye kitabu ni Mama. Baadaye walizijua sheria zote kwa moyo, na hakuna aliyeuliza tena.

Mpaka sasa.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo watoto hawakulijua. Kwa miaka miwili Mama Makochi alikuwa akihudhuria darasa la jioni kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya ibada. Mwalimu alikuwa mzee mstaafu, zamani mgawa barua. "Nusu ya barua nilizogawa, wenyewe walinirudishia niwasomee," alikuwa akisema. "Nikaona kazi yangu haijaisha." Watoto walipomwuliza anakwenda wapi, Mama Makochi alijibu anakwenda kwenye maombi. Darasa lilianza kwa sala, kwa hiyo hakudanganya. Aliikata tu sentensi mapema.

Alikuwa ameshasoma vibao vya maduka, risiti, na zaburi zake mwenyewe, akashangaa kukuta alizishika sawasawa. Kijitabu cha droo hakukigusa. Aliogopa kukutana na maneno aliyoyasema.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa karakana, alikitoa. Kilikuwa na kutu ya sindano kwenye jalada. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikimsaidia. Ilimchukua asubuhi nne.

Watengenezaji hawakuharibu kitu. Kumi na nne alikuwa mchawi tangu mwanzo. Ishirini na mbili alikuwa mwizi tangu mwanzo. Toleo jipya lilibadilisha rangi, likaandika maneno kwenye kadi, na likaliongezea joka hatua moja, zikawa nne badala ya tatu. Basi. Katika kadi arobaini alizozisoma yeye, aliyoipata sawa ilikuwa sheria moja ambayo hata haikuwa ya kadi: ukipata sita kwenye dadu, unatupa tena. Hapo alicheka peke yake mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha velveti.

Ukurasa wa mwisho haukumchekesha. Ulisema kwamba ngome sita lazima ziteketee, na mchezo huisha anapobaki mmoja. Alikumbuka ile meza na watoto wawili ambao baba yao alikuwa ameondoka miezi mitatu tu kabla. Hata kama angejua kusoma siku ile, je, angemwambia mtoto wa miaka sita, "Toka"? Hakujua. Alijua tu kwamba hakumwambia.

Wazo lingine lilikuja, jepesi na la haraka. Kijitabu kinaweza kuliwa na panya. Nani atamhoji panya? Wazo hilo alikaa nalo muda wa kufungua na kufunga droo mara mbili. Kisha aliweka pini midomoni, akapiga magoti mbele ya kochi, na kwa kuwa alikuwa ameshapiga magoti, akaomba. Mungu alishazoea kumsikia na pini midomoni.

"Mungu wangu," alisema, "wewe ulikuwepo mezani. Ulinisikia nikisoma visivyokuwepo na hukunikatiza. Lakini mwanangu anataka kuwaandikia watu barua ya kuwatukana kwa kosa langu. Jumapili nipe sauti tu. Mengine nitafanya mwenyewe."

Alipoinuka, hofu ilikuwa haijakwisha, lakini ilikuwa imepungua ukubwa, kama sponji iliyokwishapigiliwa. Alikata bitana nyeusi na nailoni, akashona mifuko arobaini, mishono imenyooka kama reli.

Jumapili baada ya ibada walikuwa wanne mezani. Jemadari, fundi wa lifti, alikuwa amevaa shati ambalo mtu mwingine alimnyooshea, ilionekana. Mchumba wake alikuwa mfamasia, mdogo wa umbo, miwani mikubwa, na kabla hajakaa alikuwa ameshasoma kalenda ya ukutani, kibandiko cha redio na maandishi ya chini ya kikombe.

"Msimshangae," alisema Jemadari. "Huyu husoma mpaka karatasi ya ndani ya dawa ya chawa."

"Ndiyo maana sikukupa ile dawa uliyoitaka," alijibu mchumba.

"Wifi, karibu!" Siafu alipiga meza. "Kwa huyu kaka yangu, leo nimepata wa kunisaidia."

Siafu alimwaga kadi zilizovaa sare, akamsimulia kaka yake habari ya uharibifu wote, sumu, wizi, na barua aliyokwisha kuianza. Aliitoa kwenye mkoba, karatasi safi ya hotelini yenye mistari mitano ya hasira. "Inangoja ukurasa tu. Mama, kitabu."

Mama Makochi alikwenda kwenye droo. Safari hii hakutazama na kurudi na hukumu. Alirudi na kijitabu chenyewe, akakaa, akakifungua, akaweka kidole chini ya mstari.

"Namba kumi na nne," alisoma. Sauti ilitoka taratibu lakini ilitoka nzima. "Mchawi wa Kisima. Mchezaji aliyeipata kadi hii amekunywa sumu. Ngome yake inateketea. Atoke mchezoni."

Siafu alinyoosha shingo kuutazama ukurasa.

"Mama, umeruka ukurasa," alisema Siafu.

"Sijaruka."

"Sasa wakati ule ulipotusomea..."

"Sikuwasomea. Sikujua kusoma, mwanangu. Nilitazama picha. Niliona bibi ana ndoo, ningesema nini? Kusoma nimejifunza miaka hii miwili, jioni, pale nyuma ya ibada. Barua yako usiitume. Hao watu hawana kosa. Aliyebadilisha mchezo ni mimi."

Jemadari alikuwa amekunja uso kama anayesikiliza lifti inayokwaruza.

"Ngoja," alisema. "Na zile barua za shule? 'Hebu nisomee, nisikie matamshi yako'?"

"Ndizo hizo."

"Mama! Kila barua! Hata ile ya kunishtaki mimi mwenyewe nilikusomea kwa sauti! Nilidhani ni mazoezi!"

"Yalikuwa mazoezi. Hukufaulu?"

"Nilifaulu."

"Sasa unalia nini?"

Jemadari aliangua kicheko, cha kwanza kikiwa na mikwaruzo, cha pili kikiwa chake. Mfamasia akafunika mdomo. Lakini Siafu hakucheka. Alikuwa ameishika kadi kumi na nne, anaigeuzageuza ndani ya mfuko wake mweusi.

"Mimi sichekeshwi," alisema. "Mimi nilikiamini kile kitabu. Shuleni wenzangu wakimcheka mtu wa mwisho, niliwaambia imeandikwa, aliye nyuma anachotewa maji. Nimepigana kwa ajili hiyo. Miaka yote nilijua kuna watu mahali fulani, werevu, wamekaa wakaandika hivyo kwenye kitabu. Kumbe hakuna."

Hili ndilo Mama Makochi alilokuwa akiliogopa tangu Jumatatu, na sasa kwa kuwa lilikuwa limefika, aliona lina kimo cha kawaida tu.

"Kitabu hakikusema," alijibu. "Nilisema mimi. Kwa kinywa changu, mbele yenu, na Mungu anasikia. Nilikuficha kwamba sijui kusoma, na kwa hilo nisamehe. Lakini yale maneno siyaombei msamaha. Leo najua kusoma, nimezisoma zao zote arobaini, na bado nasema yangu ni mazuri kuliko yao."

Siafu alimtazama. Mdomo wake ulikuwa umebanwa kama zamani, kabla ya kung'ata.

"Samahani, Mama," alisema mfamasia, akisukuma miwani juu. "Mimi ni mgeni, ila naomba niseme. Siku ya kwanza kumwona huyu mwanao ni kazini kwetu. Lifti ya dawa ilikuwa imegoma, kijana mwenzake ameshindwa, anakaribia kulia. Huyu akawaambia wengine, 'Mchoteeni maji mwenzenu.' Nikadhani ana kiu. Wote wakaacha kazi zao wakaenda kumsaidia. Nilipomwuliza, akanihadithia kuhusu bibi mmoja. Sasa mimi nimekuja kumwona huyo bibi. Huyo mchawi simjui."

"Ulikuwa unajionyesha," Siafu alimwambia kaka yake.

"Kidogo," alikiri Jemadari. "Lakini imezaa matunda, si umeona?"

Hapo Siafu alicheka bila kupenda, puani, na aliyecheka puani hawezi tena kukasirika vizuri. Aliichukua ile barua yake, akaikunja upande wa hasira ndani, upande mweupe nje, akaisukuma mbele ya mama yake pamoja na kalamu.

"Andika," alisema. "Ukitaka nikiamini tena, kiwe kimeandikwa. Kwa mwandiko wako."

Mama Makochi alichukua mkasi wake, akaikata karatasi hiyo na nyingine za hotelini alizotoa Siafu mkobani, vipande vinavyoenea mfukoni, mbele ya kadi, nyuma ya nailoni. Na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, maana kila kadi ililetwa mbele yake kama kesi. Mlinzi wa daraja alirudishiwa kazi yake ya zamani. Joka Siafu alilitetea kwa nguvu zote.

"Hatua nne tuzibakize, Mama. Joka letu la hatua mbili lilikuwa linachosha, tuseme ukweli."

"Hizo ni sheria zao."

"Wamepatia. Wakipatia tuwape."

"Haya. Joka ni lao." Aliiweka kando bila kipande cha karatasi. "Mbao nzuri haitupwi, hata ikiwa ya mwenzako."

Kadi ya kumi na nne hakuiharakisha. Aliandika polepole, kila herufi akiikalisha kabla ya kuita nyingine, na alipofika katikati alisimama kidogo, akafikiri, akaendelea. Mezani hakuna aliyemkimbiza wala kumtajia neno. Jemadari, ambaye hakuwahi kungoja kitu maishani mwake isipokuwa ushindi, alikaa mikono chini ya mapaja.

Walipoanza kucheza, bado alikuwa na kadi nane za kuandika. Aliwaambia waendelee, yeye atatupa dadu akipata nafasi. Nafasi haikupatikana. Jemadari alivuka kinamasi, Siafu akamfuata na joka lake la hatua nne akimtisha kwa kila neno, mfamasia akakwama msituni, akajinasua. Kete ya Mama Makochi, ile ya kijani iliyokatika pembe, ilikuwa bado kwenye lango la kuanzia, pale pale ilipowekwa.

Zamu ilimfikia mfamasia. Alivuta kadi nyeusi kati ya kadi nyeusi, akaigeuza, akaisoma kimoyomoyo kwanza kama mtu wa kazi yake, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Kisha akaisoma kwa sauti.

"'Bibi wa Kisimani. Mtazame aliye nyuma kuliko wote. Mchotee maji. Nendeni pamoja.'" Alinyanyua miwani, akaitazama tena karatasi. "Mama, mwandiko huu unasomeka. Kuna madaktari nitawaleta kwako wajifunze."

"Waje, nina darasa," alisema Mama Makochi bila kuinua kichwa.

"Sasa aliye nyuma..." Mfamasia aliutazama ubao, kisha akamtazama mwenye kalamu. "Aliye nyuma ni wewe."

Mama Makochi aliiweka kalamu chini. Ilikuwa kweli. Miaka ishirini na miwili alikuwa mwenye kitabu, na wakati wote huo kete yake aliisukuma kwa mkono mmoja, jicho likiwa kwa watoto. Hakukumbuka hata mara moja kuchotewa maji yeye.

Mfamasia alirudisha kete yake mwenyewe nyuma hadi langoni, akaisimamisha kando ya ile ya kijani. Akazishika zote mbili kwa vidole, akaanza kuzitembeza pamoja. Moja. Mbili. Akasita, maana kadi haikutaja ni hatua ngapi, akamtazama Jemadari kama anayeuliza kama hesabu imeishia hapo.

Mama Makochi alisogeza kiti karibu na meza.

"Hatua ni tatu, mwanangu," alisema. "Usinipunje. Nimeitunga mwenyewe."